Samaki Wadogo wa Vidimbwi vya Miambani

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wanafunzi wengi wa shule yetu hushuka pwani siku ya Jumamosi, wengine kuogelea, wengine kufua nguo, na wengine kutazama mashua tu. Katika kushuka huko hupita juu ya mwamba wenye vidimbwi vingi, nao hukanyaga huku na huko bila kutazama chini. Ukimwuliza mmoja wao ameona nini kidimbwini, atakujibu, "Maji tu, na mawe." Lakini katika maji yale na mawe yale wamo samaki hai, tena wengi, ila hawaonekani.

Nia yangu katika makala haya ni kueleza samaki hao ni wa namna gani, hujifichaje, na kwa nini kujificha peke yake hakuwatoshi. Mwisho nitaeleza jambo moja linalotuhusu sisi wenyewe, maana twaweza kuwaua samaki hawa huku tukidhani tunawahurumia.

Mimi kwetu ni bara, mkoa wa Singida, ambako samaki tunaowajua sana ni perege wa ziwani na dagaa wa gunia. Nimejifunza habari hizi hapa shuleni kwa muda wa miaka minne, kwa kutazama, kwa kusoma, na kwa kuuliza watu wanaoijua pwani. Kwa hiyo wenzangu wa bara wasiogope kwamba mambo haya ni ya watoto wa pwani peke yao.

KIDIMBWI NI MAHALI PA NAMNA GANI?

Pwani ya Tanzania, tangu Tanga hadi Mtwara, na kadhalika Unguja na Pemba, ina sehemu nyingi za mwamba wa matumbawe. Matumbawe hayo yalikuwa hai baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, kisha yakabaki nje ya maji yakawa jiwe. Mawe ya namna hiyo ndiyo yaliyojengewa nyumba za kale za Kilwa Kisiwani na za Mji Mkongwe wa Unguja. Mawimbi na mvua huula mwamba huo kidogo kidogo, hata hupatikana mashimo mengi, mengine ukubwa wa bakuli, mengine ukubwa wa chumba. Bahari inapopwa, maji hubaki katika mashimo hayo, na hivyo ndivyo vidimbwi vyetu.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya meta 3. Wakati wa maji mafu tofauti huwa ndogo. Tena pwani yetu ina jambo lake: maji ya bamvua hupwa kabisa yapata saa nne au saa tano asubuhi, na tena usiku saa kama hizo. Kwa hiyo mwamba hubaki wazi wakati ule ule jua linapopanda kuelekea utosini.

Basi fikiri maisha ya samaki aliyebaki katika kidimbwi kisichozidi beseni la kufulia. Jua huyapasha maji moto. Maji yakipungua kwa kukauka, chumvi huzidi. Mvua ikinyesha, maji baridi yasiyo na chumvi humwangukia kichwani. Usiku mwani na viumbe vyote vya humo hutumia oksijeni iliyomo majini, wala hakuna mwanga wa kuufanya mwani uitengeneze nyingine. Na juu ya hayo yote hana mahali pa kukimbilia, kwa maana bahari iko mbali. Yangeyange na korongo huja kutembea pembeni mwa kidimbwi kama watu wanaochagua bidhaa sokoni.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini basi samaki akae mahali pa taabu kama hapo? Jibu ni kwamba taabu hiyo huwazuia samaki wakubwa wasije. Asiyeweza kuivumilia hukaa mbali, na aweza kuivumilia hupata chakula na mapango bila kugombana na wakubwa.

SAMAKI WENYEWE

Wako wa jamii nyingi, lakini nitataja mbili tu ambazo mtu hukutana nazo mara nyingi. Wavuvi niliowauliza huwaita wote "visamaki vya mwambani", kwa sababu si kitoweo, wala hakuna haja ya kuwatenganisha. Kwa hiyo nitatumia majina ya wataalamu.

Jamii ya kwanza ni gobi, na hasa wale wanaoitwa Bathygobius. Wengi wao hawazidi urefu wa kidole. Kichwa ni kipana, mashavu yamevimba, na macho yamekaa juu ya kichwa ili aweze kulala chini na kuona mambo ya juu. Rangi yake ni ya udongo wenye mabaka meusi na meupe. Mapezi yake mawili ya tumboni yameungana yakawa kama kikombe, na kwa kikombe hicho huling'ang'ania jiwe wimbi lisimchukue. Mapezi ya ubavuni yana nyuzi laini kwa juu, mfano wa nywele. Samaki hawa wapo tangu Bahari ya Shamu, kupita pwani yetu, hadi visiwa vya Pasifiki.

Jamii ya pili ni bleni. Bleni hana kikombe tumboni wala hana magamba. Ngozi yake ni tupu yenye utelezi. Kichwa chake ni butu mbele, na bleni wengi wa mwambani wana vijinyama vidogo juu ya macho, kama nyusi. Wengi hula mwani kwa kuukwangua juu ya jiwe kwa meno membamba yaliyopangwa kama chanuo. Wako bleni ambao huruka juu ya mwamba uliolowa kana kwamba ni panzi, nao waweza kukaa nje ya maji kwa kitambo wakipumua kwa ngozi yao, maadamu imelowa. Mwaka 1959 J. L. B. Smith wa Afrika Kusini, yule aliyempa jina samaki maarufu silakanti, alichapa kitabu kidogo kuhusu bleni wa upande huu wa magharibi wa Bahari ya Hindi. Kwa hiyo msidhani kwamba wataalamu huwadharau samaki hawa kwa udogo wao.

JINSI YA KUWAONA

Nenda maji yanapoanza kupwa. Chagua kidimbwi chenye mawe na mchanga, kisha chuchumaa upande ambao kivuli chako hakiangukii majini. Usiseme, usinyooshe kidole. Kaa hivyo dakika tano. Kwanza hutaona kitu. Halafu utaona "jiwe" moja dogo likisogea kidogo na kutulia. Usiliache kwa macho. Tafuta jicho, kwa kuwa jicho ndilo lililo gumu kufichwa. Ukishaona jicho, samaki mzima atatokea mbele yako, na pengine utagundua kwamba wako watano hapo ulipodhani hapana hata mmoja.

Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba rangi hufanya kazi pamoja na utulivu. Samaki mwenye rangi ya mchanga anayehangaika huonekana mara moja. Ndiyo maana gobi husogea kwa vipindi: hukimbia kidogo, husimama kimya, halafu hukimbia tena.

JARIBIO LA MABESENI MAWILI

Mwalimu wetu wa Baiolojia alituonyesha jaribio rahisi ambalo kila mwanafunzi aweza kulifanya. Chukua mabeseni mawili yaliyo sawa kwa ukubwa, moja jeupe na moja jeusi. Yatie maji ya bahari ya kina cha vidole vinne, uyaweke kivulini karibu na kidimbwi. Washike gobi wawili kwa kipande cha chandarua, uwatie wote katika beseni jeusi, uwaache watulie dakika kumi. Kisha mmoja umhamishe haraka katika beseni jeupe, na mwenzake umwache pale pale ili uwalinganishe.

Mwanzo yule wa beseni jeupe ataonekana kama kipande cha mkaa juu ya sahani. Endelea kumtazama. Mabaka ya mgongoni yatafifia, kichwa kitakuwa cha rangi ya majivu, na baada ya muda mfupi hatafanana tena na mwenzake aliyebaki kwenye weusi. Kundi letu lilifanya hivyo kwa samaki watatu mmoja mmoja, na wote walianza kufifia kabla hatujamaliza dakika mbili. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa mweupe kama beseni lenyewe. Kila samaki ana mpaka wake.

Mwaka 2014 Martin Stevens na wenzake walichapa matokeo ya majaribio kama hayo yaliyofanyika kwa vipimo vya uangalifu huko Cornwall, Uingereza, kwa gobi wa vidimbwi vya kule. Waliona kwamba samaki huanza kubadilika katika muda wa dakika moja. Walipowekwa juu ya rangi nyekundu na ya buluu, napo pia walibadilika.

NGOZI HUBADILIKAJE?

Katika ngozi ya samaki zimo seli za rangi, nyingi zina umbo kama la nyota yenye matawi. Ndani ya seli nyeusi zimo chembe ndogo sana za weusi. Samaki anapotaka kuwa mwangavu, chembe hizo hukusanyika katikati ya seli. Anapotaka kuwa mweusi, hutawanyika mpaka nchani mwa matawi.

Mfano wake ni huu. Chukua kijiko cha kahawa ya unga, ukirundike katikati ya sahani nyeupe. Mtu akitazama kwa mbali ataona sahani nyeupe yenye doa. Sasa itandaze kahawa ile ile ienee sahani yote. Mtu ataona sahani nyeusi. Kahawa haikuongezeka wala haikupungua, imetandazwa tu. Ndivyo ilivyo ngozi ya samaki. Zipo pia seli za manjano na nyekundu, na nyingine zinazorudisha mwanga kama kioo, nazo zote hufanya kazi pamoja.

Anayeongoza kazi hii ni jicho. Jicho la samaki hulinganisha mwanga unaotoka juu na mwanga unaorudishwa na chini ya kidimbwi. Habari hiyo huenda kwenye ubongo, na ubongo hupeleka amri kwa mishipa ya fahamu na kwa homoni zilizo katika damu. Mwaka 1911 Francis Sumner, mtaalamu wa Marekani, alichapa habari za samaki bapa alaliao mchangani, ambao aliwatazama huko Naples, Italia. Aliwalaza juu ya mchanga, juu ya changarawe, na hata juu ya mbao zilizochorwa mirabaraba kama ubao wa kuchezea drafti. Samaki wale walijitahidi kuufuata hata ukubwa wa madoa. Lakini samaki asiyeona hawezi kujifananisha na mahali alipo.

Kuna na mabadiliko ya polepole. Samaki akikaa juu ya weusi kwa siku nyingi au majuma, hata idadi ya seli nyeusi huongezeka ngozini mwake. Kwa hiyo samaki aliyekaa muda mrefu katika kidimbwi kimoja amevaa nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha kidimbwi kile.

JE, RANGI PEKE YAKE YATOSHA?

Watu waliwahi kubishana kama rangi hizi humwokoa samaki kweli, au ni mawazo yetu tu. Sumner huyo huyo alilijaribu jambo hilo mwaka 1934. Alifuga samaki wadogo, wengine wakawa weusi na wengine weupe, akawatia pamoja katika matangi meusi na matangi meupe, kisha akawaachilia ndege walao samaki. Waliolingana na rangi ya tangi waliliwa wachache kuliko wasiolingana. Lakini nao waliliwa. Maana yake ni kwamba rangi hupunguza hatari, haiiondoi.

Tena wako maadui wasiojali rangi. Mkunga huingia vidimbwini akipenya katika matundu ya mwamba, naye hutafuta chakula zaidi kwa harufu. Pweza hupapasa kwa mikono yake chini ya kila jiwe. Mbele ya adui wa namna hiyo kulala kimya si dawa. Hapo gobi hufanya jambo ambalo mimi naliona kuwa la ajabu kuliko la rangi: huruka nje ya maji, akaangukia katika kidimbwi cha pili.

Msomaji, tafadhali litazame jambo hili vizuri. Samaki yumo katika shimo lenye ukingo wa jiwe. Kutoka humo hawezi kuona kidimbwi cha jirani kiko upande gani wala kiko umbali gani. Akikosea kidogo ataanguka juu ya mwamba mkavu uliounguzwa na jua, na hapo ni kufa au kuliwa. Basi hujuaje pa kurukia?

Lester Aronson wa jumba la makumbusho ya viumbe lililoko New York, Marekani, ndiye aliyelichunguza swali hili. Samaki wake aliitwa Bathygobius soporator, ndugu wa hawa wetu, akaaye pwani za Bahari ya Atlantiki. Katika maandishi yake ya mwaka 1951 alieleza kwamba gobi akisumbuliwa kidimbwini huruka na kuangukia kidimbwi cha jirani kwa uhakika mkubwa, na wengine huruka kidimbwi kwa kidimbwi mpaka wafike baharini. Aliwaza kwamba samaki hujifunza wakati maji yamejaa. Wakati huo vidimbwi vyote vimefunikwa na bahari moja, na gobi huogelea juu ya mwamba akitazama mabonde na vilima vyake. Maji yakipwa, yeye amekwisha kuishika ramani kichwani.

Ili kuhakikisha, Aronson alitengeneza vidimbwi vya bandia ambavyo aliweza kuvijaza na kuvipwaza kama bahari, akaeleza matokeo yake mwaka 1971. Samaki ambao hawakupata nafasi ya kuogelea juu ya vidimbwi hivyo maji yakiwa yamejaa walifaulu kuruka mara 15 tu katika 100. Waliopata nafasi hiyo hata mara moja walifaulu mara 97 katika 100. Tena baada ya siku 40 walikuwa bado hawajasahau.

Ni kama mwanafunzi mgeni wa Kidato cha Kwanza. Akizunguka shuleni mchana, akaona bweni liko wapi, mti uko wapi na mtaro uko wapi, basi usiku umeme ukikatika atafika kitandani kwake salama. Asiyezunguka mchana atatumbukia mtaroni.

Huko Australia, Gemma White na Culum Brown wa Chuo Kikuu cha Macquarie waliandika katika miaka ya 2013 hadi 2015 habari zinazopatana na hizi. Samaki wa vidimbwi waliohamishwa walijitahidi kurudi katika vidimbwi vyao. Gobi wa miambani walijifunza mahali upesi kuliko gobi wa mchangani, na sehemu ya mbele ya ubongo wao ilikuwa kubwa zaidi. Si ajabu: mchanga husogezwa na kila wimbi, hauna alama ya kukumbuka, lakini mwamba wa leo ndio wa kesho. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Samaki huyu huzunguka bahari ikijaa, lakini marejeo yake ni kidimbwi anachokijua.

NYUMBA CHINI YA JIWE

Siku moja ya bamvua nilikuwa nimechuchumaa mwambani, akapita bibi mmoja mchokoa pweza na chuma chake na kikapu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umepotelewa na nini humo?"

Nikamweleza kwamba natazama visamaki. Akacheka, lakini akasimama. Nikaona kwamba kila jiwe alilolipindua kutafuta pweza alilirudisha kama lilivyokuwa, upande wa chini ukawa chini. Nikamwuliza sababu. Akasema, "Mama yangu alinifunza hivyo. Jiwe lina wenyewe. Ukiliacha chali, mwezi ujao hupati kitu hapo." Akaniambia pia kwamba siku hizi wengi wanaokuja na vyuma hawarudishi, na mawe yamekuwa meupe kama mifupa.

Bibi yule hakusoma Baiolojia, lakini maneno yake yanapatana nayo. Gobi na bleni hubandika mayai yao chini ya mawe au ndani ya vitundu. Baada ya jike kutaga, dume ndiye abakiye. Huyalinda mayai, huyapepea kwa mapezi ili yapate maji mapya yenye oksijeni, na humfukuza kila ajaye, hata aliye mkubwa kuliko yeye. Jiwe likipinduliwa na kuachwa chali, mayai hukaushwa na jua au huliwa, na dume hubaki analinda mahali pasipo kitu. Viumbe vingine vilivyobandikwa upande wa chini hufa pia, na hayo ndiyo meupe aliyoyasema bibi.

YATUPASAYO KUFANYA

Sasa nafika kwenye jambo nililoliahidi mwanzo. Kila mwaka vidato vya chini hushuka pwani kwa somo la vitendo. Desturi imekuwa kukusanya samaki wa vidimbwi vingi katika ndoo moja, kuwatazama, kuwachora, na mwisho kuimimina ndoo yote katika kidimbwi kilicho karibu. Kila mtu hurudi bwenini na moyo mweupe, kwa kuwa samaki wamerudi majini wakiwa hai.

Lakini tukiyaunganisha yote tuliyoyasema, tutaona kwamba samaki yule hakurudi kwake. Ngozi yake ililingana na kidimbwi kingine. Pengine ametoka penye mwani mweusi, akatiwa penye mchanga mweupe. Mayai aliyokuwa akiyalinda yamebaki bila mlinzi. Na ramani aliyoishika kichwani ni ya mahali pengine. Yangeyange akitokea, au mkunga akiingia, samaki huyo ni kama wale wa Aronson waliofaulu mara 15 katika 100. Tumemrudishia maji, lakini tumemnyang'anya ngao zake zote mbili, rangi na kumbukumbu.

Nilimpelekea mwalimu wetu mawazo haya, naye amekubali kwamba tangu muhula ujao somo lifanyike kwa utaratibu huu:

1. Kila kundi lichague kidimbwi kimoja tu, na liweke kando yake kijiti chenye namba ile ile iliyoandikwa kwenye beseni lake.

2. Wasichukuliwe samaki zaidi ya wawili kwa mara moja. Mabeseni yakae kivulini, na maji yabadilishwe yakianza kupata moto.

3. Mikono ilowe maji ya bahari kabla ya kumshika samaki, kwa maana mikono mikavu huondoa ute unaoilinda ngozi yake.

4. Kazi imalizike kabla maji hayajaanza kujaa, na kila samaki arudishwe katika kidimbwi alichotolewa, si cha jirani.

5. Kila jiwe lililopinduliwa lirudishwe mahali pake, upande wake wa chini ukiwa chini. Jiwe lenye mayai lisitolewe majini hata kidogo.

Nawaomba na wazazi wetu wanaokaa pwani watusaidie katika jambo moja. Wako watu ambao bado hutwanga utupa na kuutia vidimbwini ili wapate samaki wachache wa kitoweo. Sumu ile haichagui. Huua mkubwa na mdogo, mayai na wazazi, na kidimbwi hukaa kitupu. Sheria ya uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, kama inavyokataza baruti. Lakini pwani ni ndefu na askari ni wachache. Mlinzi wa kweli ni mtu anayepita hapo kila siku.

Huenda mtu akasema, visamaki hivi haviliwi wala haviuzwi, basi vina faida gani? Nami namjibu kwamba visamaki hivi ni chakula cha pweza na mkunga, na pweza na mkunga ni chakula na fedha ya watu wa vijiji vyetu. Tena mwanafunzi aliyeweza kumwona gobi katika kidimbwi cha mawe amejifunza kutazama, na kazi hiyo ndiyo mwanzo wa elimu yote ya sayansi.

MASWALI KWA VIDATO VYA CHINI

1. Eleza kwa nini vidimbwi vya pwani yetu hupata joto jingi zaidi wakati wa bamvua.

2. Utamtambuaje gobi na bleni kwa kutazama tumbo na ngozi tu?

3. Katika jaribio la mabeseni mawili, kwa nini samaki mmoja huachwa katika beseni jeusi?

4. Rangi humsaidia gobi mbele ya yangeyange, lakini haimsaidii sana mbele ya mkunga. Kwa nini?

5. Rafiki yako amemrudisha samaki baharini, lakini si katika kidimbwi chake. Mwandikie barua fupi, umweleze kwa adabu samaki huyo amepoteza nini.

Majibu ya swali la tano yatakayokuwa mazuri yataombewa nafasi katika gazeti la muhula ujao.